Mwenye Seva Ndiye Mwenye Mchezo

Bao la mti mgumu, lenye mashimo 32 na kete 64, hudumu barazani hata baada ya umri wa fundi aliyelichonga. Fundi huuza kazi yake, hupokea thamani yake, na tangu siku ile hana amri tena juu ya wachezaji. Hawezi kuja usiku kuyaziba mashimo, wala hawezi kutangaza kuwa mwezi ujao mchezo utakoma kwa sababu amechonga bao jipya na anataka linunuliwe hilo. Angejaribu kufanya hivyo, watu wa baraza wangemcheka. Na angeshikilia, wangemfikisha mbele ya hakimu. Kilichouzwa ni mali ya aliyekinunua. Hili ni jambo ambalo hata mtoto hulifahamu.

Lakini katika michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja, jambo hili linalofahamiwa na mtoto limefanywa gumu hata wakubwa wamelisahau. Mchezo huuzwa, bei hulipwa, na baada ya miaka michache muuzaji huzima mashine zake zilizo mbali, na mchezo wote hufa mikononi mwa walioununua. Dhidi ya desturi hii iko dawa moja ndogo, nyonge kwa sura: kompyuta iliyoungwa kwa vipuri vilivyotupwa, ikawekwa pembeni mwa chumba, ikawa seva ya mchezo kwa jamaa na marafiki. Wenye kuidharau husema kuwa ni mambo ya watoto, ni upotevu wa umeme, na ni kujisumbua kwa kazi ambayo makampuni huifanya vizuri zaidi. Ukweli ni kinyume cha hayo. Seva ya nyumbani ndiyo inayompa mnunuzi kile alichokilipia. Na mchezo ambao mnunuzi amezuiwa kuuwekea seva yake mwenyewe ni mchezo alioukodi, hata kama alitozwa bei ya kununua.

Ili hukumu iwe ya haki, yafaa kwanza ijulikane seva ni kitu gani. Watu kumi wanapocheza pamoja, kila mmoja mbele ya kioo chake, lazima pawe na mahali pamoja panapojulikana ukweli wa mchezo: nani yuko wapi, nani amevunja ukuta, nani amechukua dhahabu. Kama kila kompyuta ingeshika ukweli wake, baada ya dakika moja pangekuwa na michezo kumi isiyofanana. Seva ndiyo mwamuzi na ndiyo karani. Hupokea neno la kila mchezaji, hulipima kwa sheria, huandika lililotokea, kisha humpa kila mmoja habari mpya. Katika Minecraft kazi hiyo hurudiwa mara 20 katika kila sekunde. Seva ina milisekunde 50 tu za kumaliza kila mzunguko, na ikichelewa, wachezaji huona wanyama wakiganda na matofali waliyoyavunja yakirudi mahali pake. Asiyekuwa na seva hana mchezo wa pamoja, hata akiwa na diski na risiti mkononi.

Kazi hii, kwa kundi dogo, haidai mashine ya fahari. Kompyuta ya ofisi yenye umri wa miaka kumi, prosesa ya viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti 8, yaweza kuwahudumia marafiki watano au zaidi katika Minecraft bila ya taabu. Haihitaji kadi ya michoro, kwa kuwa seva haichori picha yoyote. Kuchora ni kazi ya kompyuta ya kila mchezaji. Haihitaji kioo wala kibodi baada ya siku ya kwanza, kwa kuwa huamriwa kwa njia ya mtandao kutoka kompyuta nyingine. Kipuri kimoja hutoka katika mashine iliyoungua, cha pili katika mashine iliyovunjika, feni katika ya tatu. Hata kompyuta mpakato iliyopasuka kioo, ambayo hakuna mtu angeitaka, hufaa kuliko nyingi: hula umeme kidogo, na betri yake, ikiwa ingali na uhai, huishikilia pindi umeme ukatikapo. Juu yake huwekwa Linux, ambayo hutolewa bure, kisha programu ya seva, ambayo watengenezaji wa Minecraft huitoa bure pia kwa toleo la Java. Mwisho, katika ruta hufunguliwa mlango mmoja, ambao kwa kawaida ni namba 25565, ili wageni walioalikwa wapate kuingia. Ni kazi ya siku moja kwa anayejua, na ya juma moja kwa anayejifunza.

Mtu asidhani kuwa hii ni bidaa iliyozuka juzi. Mambo yalianza hivi, na yaliyopo leo ndiyo mageni. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, alianza kuandika MUD, mchezo wa maneno matupu ambao watu wengi waliweza kuucheza kwa wakati mmoja. Baadaye mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Seva yao ilikuwa kompyuta ya chuo. Watu wa nje waliruhusiwa kuingia katika saa ambazo mashine haikuwa na kazi nyingi. Huo ndio ukoo wa michezo yote ya namna hii: mashine iliyonunuliwa kwa kazi nyingine, ikatumiwa na wanafunzi kwa nafasi iliyobaki.

Mwaka 1996 kampuni ya id Software ilitoa Quake. Kila aliyekuwa nayo aliweza kuweka seva yake nyumbani, bwenini au ofisini, na wachezaji wengine wakaingia kwa kuijua anwani yake. Mwaka 1999 kampuni hiyo ikafanya tendo la uungwana zaidi: ikatoa maandishi ya asili ya programu ya Quake chini ya leseni huria ya GPL, ili kila mwenye elimu aweze kuyasoma, kuyarekebisha na kuyaeneza. Tendo hilo halikuliangamiza jina la kampuni. Lililotokea ni kwamba Quake ingali inachezwa mpaka leo, zaidi ya miaka 25 baadaye, katika kompyuta ambazo hazikuwapo wakati ilipoandikwa, kwenye seva za watu binafsi wasiohitaji idhini ya mtu. Mchezo huo umekuwa kama bao: umemwacha fundi wake na kuendelea na safari.

Makampuni mengine yalishika njia tofauti. Yaliona kuwa anayeishika seva humshika mchezaji: humhesabu, humwuzia mavazi ya kuchora na silaha za kuchora, na humhamisha kwenda mchezo mpya siku inapofaa. Basi programu ya seva ikaacha kutolewa. Matokeo yake yamekuwa wazi tangu wakati huo. Mnamo Novemba 2012 kampuni ya NCSoft iliizima City of Heroes, mchezo uliokuwa na wapenzi tangu mwaka 2004. Miji yote waliyoijenga wachezaji katika fikra zao, na majina waliyoitana kwa miaka minane, yakatoweka kwa usiku mmoja. Mnamo Mei 2014 huduma ya GameSpy ilifungwa, na michezo mingi ya makampuni mbalimbali iliyoitegemea kwa kukutanisha wachezaji ikapoteza mlango wake. Na tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa magari uliotolewa mwaka 2014. Huo wa mwisho ndio unaochoma zaidi, kwani mtu aliweza kuucheza sehemu kubwa peke yake bila ya kukutana na mwenzake. Hata hivyo ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye seva ya mbali, na kamba ilipokatwa, aliyekuwa akiendesha gari peke yake barabarani alikufa pamoja na waliokuwa wakishindana.

Watetezi wa makampuni hawakosi maneno, na maneno yao yafaa yasikilizwe moja moja.

Neno lao la kwanza ni kwamba mchezaji hakununua mchezo. Alinunua ruhusa ya kuutumia, na ruhusa hiyo yaweza kuondolewa. Imeandikwa, wasema, katika mkataba alioukubali. Ni kweli kuwa imeandikwa. Lakini imeandikwa ndani ya kurasa nyingi ambazo hakuna anayezisoma, ilhali nje, kwa herufi kubwa, liliandikwa neno moja: nunua. Mfanyabiashara anayeandika neno moja mlangoni na neno jingine chini ya zulia hastahili kuitwa mkweli kwa sababu tu ya lile la chini ya zulia. Jimbo la California liliona ubaya huo, na mwaka 2024 likapitisha sheria inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila ya kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo imesafisha ulimi wa muuzaji. Haikumrudishia mnunuzi mchezo wake. Kumwambia mtu wazi kuwa ataporwa si sawa na kutomwibia.

Neno la pili ni kwamba seva zina gharama, na hakuna haki ya kuilazimisha kampuni izihudumie milele kwa ajili ya wachezaji wachache waliobaki. Neno hili lingekuwa zito kama kuna anayedai jambo hilo. Hakuna. Mwaka 2024 Ross Scott wa Marekani alianzisha kampeni ya kupinga uuaji wa michezo, na kutokana nayo raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wakafungua ombi rasmi ambalo kufikia mwisho wa Julai 2025 lilikuwa na sahihi zaidi ya milioni 1. Ombi hilo halidai huduma ya milele. Ladai kwamba kampuni, inapochoka, iuache mchezo katika hali ya kuchezeka. Imwachie mnunuzi njia ya kuendelea bila yake. Na hapo ndipo kompyuta ya vipuri inapopata heshima yake. Wachezaji wachache waliobaki, ambao kwa kampuni ni hasara, kwa kompyuta moja kuukuu ni mzigo mwepesi. Gharama inayoishinda kampuni yenye maelfu ya mashine haiishindi nyumba yenye mashine moja, maadamu nyumba hiyo inapewa programu ya kuendesha.

Kwamba jambo hili lawezekana limekwisha kuthibitishwa, na si kwa maneno. City of Heroes, baada ya kuzimwa, ilihifadhiwa kwa siri na wapenzi wake. Siri hiyo ikafichuka mwaka 2019, seva za mashabiki zikachipuka, na Januari 2024 NCSoft yenyewe ikawapa leseni watu wa Homecoming kuuendesha mchezo kwa halali. Ubisoft nayo, baada ya makelele ya The Crew, iliahidi kuwa michezo iliyofuata katika ukoo huo itaweza kuchezwa bila ya intaneti, na mwaka 2025 ikaitimiza ahadi hiyo kwa The Crew 2. Lililoitwa muhali liliwezekana mara tu aibu ilipozidi gharama.

Wapo wanaosema, na hawa wana hoja zaidi, kuwa ndani ya programu ya seva kuna siri za kazi na sehemu zilizokodiwa kutoka kwa makampuni mengine, hivyo haiwezi kutolewa hadharani hata kwa kutaka. Kwa michezo ya zamani, yaliyokwisha kuandikwa yameandikwa, na hoja hii yakubalika kwa kiasi. Kwa michezo mipya haikubaliki. Anayejenga nyumba akijua kuwa siku moja lazima itolewe mlango, huacha nafasi ya mlango tangu msingi. Wajibu ukijulikana mapema, hauwi mzito.

Neno la tatu ni la sheria. Wapinzani hukumbusha kesi ya bnetd. Hiyo ilikuwa programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 1998 ili michezo ya kampuni ya Blizzard iweze kuchezwa nje ya huduma ya kampuni hiyo, na mwaka 2005 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua dhidi ya waandishi wake. Hoja kubwa ya kampuni ilikuwa kwamba bnetd haikutofautisha mwenye nakala halali na mwenye nakala ya wizi. Kweli haikutofautisha, lakini njia ya kutofautisha ilikuwa siri mikononi mwa kampuni peke yake. Mtu aliyeficha mizani hawezi kumlaumu mwenziwe kwa kutopima. Hukumu ya mahakama ni hukumu, na mwenye busara huitii. Lakini sheria hutungwa na watu, na watu walioona madhara yake wana haki ya kudai ibadilishwe. Hakuna elimu yenye faida inayofundisha kuwa kila kilichoamuliwa kimekwisha kuwa haki.

Baada ya watetezi wa makampuni hufuata kundi jingine, watu wa vitendo, wasiokuwa na ugomvi na haki ya mnunuzi ila huona seva ya nyumbani ni usumbufu bure. Kwa nini mtu ahangaike na vyuma chakavu, wauliza, na hali ziko seva za kukodi kwa mwezi, zilizo safi, zenye umeme usiokatika na waangalizi wa usiku na mchana?

Jawabu la kwanza ni umbali. Taa inayobeba habari ndani ya nyuzi za kioo husafiri kiasi cha kilomita 200 kwa kila milisekunde, na hakuna fedha inayoweza kuiongezea mwendo. Kutoka Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 7,500. Kwenda na kurudi ni 15,000. Hizo ni milisekunde 75 zilizokwisha kabla seva haijafikiri lolote, na kebo za baharini hazipiti katika mstari ulionyooka. Kwa sababu hiyo kijana wa Afrika ya Mashariki anayecheza katika seva ya Ulaya hupigwa kabla ya kumwona aliyempiga, kisha huambiwa kuwa hana ustadi. Seva iliyo katika bweni lake, kwa kebo ya mita 100 au chini yake, humjibu kabla ya milisekunde moja kutimia. Hapo ustadi hupimwa kwa haki.

Jawabu la pili ni kwamba njia ndefu ina mengi ya kuikata. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika kusini mwa pwani ya Afrika ya Mashariki, na intaneti ya Tanzania, Kenya na nchi jirani ikadhoofika vibaya. Siku zile mwenye kukodi seva ya ng'ambo alikuwa na risiti tu. Mwenye seva chumbani, na waya zinazofika kwa jirani zake, hakupungukiwa na mchezo kwa ajili ya bahari.

Pengine msomaji makini atasema hapa kuwa hata Minecraft yenyewe, iliyosifiwa juu, humtaka mchezaji ajithibitishe kwenye mashine za Microsoft, ambayo iliinunua kampuni ya Mojang mwaka 2014. Asema kweli. Mwenye seva aweza kuuzima ukaguzi huo kwa kubadili neno moja katika faili la mipangilio, na kufanya hivyo katika mtandao wa ndani, kati ya watu waliokwisha kununua, ni jambo la maana wakati intaneti haipo. Lakini kwamba lazima izimwe ni dalili kuwa uhuru wenyewe ni nusu. Anayetaka uhuru kamili anayo Luanti, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Minetest: mchezo wa kujenga kwa matofali ambao programu yake yote, ya mchezaji na ya seva, ni huria. Sura yake ni ya kawaida kuliko ya ndugu yake tajiri. Lakini hakuna wa kuuzima.

Kisha watu wa vitendo hutaja mambo mawili yenye uzito, nayo hayafai kupitwa kwa haraka. Moja ni umeme. Kompyuta kuukuu ya mezani inayokula wati 50 mchana na usiku humaliza uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Kwa mwanafunzi hizo si chache. Lakini ni nani aliyesema kuwa mchezo wa marafiki lazima ukeshe? Mashine hiyo ikiwashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 4 usiku, hula uniti 6 tu kwa mwezi, na wachezaji hupata faida ya pili, ambayo ni kulala. Seva ya kampuni haifungi, kwa kuwa kampuni haipendi mchezaji aondoke. Seva ya nyumbani ina mwenyewe, na mwenyewe ana mama mzazi na mtihani.

La pili ni usalama. Seva iliyofunguliwa kwa dunia nzima hutafutwa na wabaya. Desemba 2021 iligunduliwa kasoro katika Log4j, sehemu ndogo ya programu iliyotumiwa na seva za Minecraft na mifumo mingine mingi mno. Ujumbe mmoja ulioandikwa katika mazungumzo ya wachezaji uliweza kumpa mgeni amri ya mashine nzima. Hili ni kweli, na asiyeliogopa hafai kushika seva. Lakini kasoro ile haikuchagua: iliyapata makampuni makubwa kama ilivyozipata nyumba. Aliyenusurika ni yule aliyesahihisha programu yake mapema, aliyeandika orodha ya wageni wake na kumkataa asiyekuwamo, na aliyeweka nakala ya dunia yake mahali pengine. Mambo hayo matatu hufundishwa darasani kwa maneno. Katika seva ya nyumbani hufunzwa na hofu ya kupoteza jumba ambalo rafiki amelijenga kwa miezi mitatu, na mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hasahau.

Vivyo hivyo kwa matatizo ya njia. Makampuni mengi ya simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti, hata mwenye seva hana mlango wake mwenyewe wa kuwafungulia walio mbali. Kijana anayekutana na ukuta huo hulazimika kujua anwani ni nini, ruta hufanya nini, na jinsi ya kuchimba njia ya siri kwa programu kama WireGuard kupitia mashine nyingine iliyo wazi. Aliingia kwa ajili ya mchezo. Atoka akiwa fundi wa mitandao. Wanaosema kuwa huu ni upuuzi wa watoto hawajaangalia watoto hao wanageuka kuwa nani.

Imebaki habari ya vyuma vyenyewe. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme katika mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi zilizo nzima kabisa hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu ya umri wa prosesa zake. Hazikuharibika, zimetangazwa kuwa zimeharibika. Ni desturi ile ile ya kuzima seva, imevaa nguo nyingine: kitu kizima kilichonunuliwa hukatiwa uhai kwa tangazo la aliyekiuza. Na dawa ni ile ile. Mashine hiyo iliyokataliwa, ikipewa Linux, hufanya kazi ya seva kwa miaka mingine.

Kwa hiyo madai ni matatu, na hakuna lililo zito. Kwa watunga sheria: mchezo wowote unaouzwa kwa neno la kununua uwe na njia ya kuendelea baada ya muuzaji kuondoka, na asiyetaka sharti hilo aandike mlangoni kuwa anakodisha, kwa muda gani, na kwa bei inayostahili ukodishaji. Kwa wanunuzi: kabla ya kulipa, wasiulize tu kama mchezo ni mzuri, bali waulize kama programu ya seva yake inatolewa. Swali hilo moja, likiulizwa na wengi, lingewatia adabu wauzaji kuliko mashtaka.

Na kwa vyuo vikuu: kompyuta zinazoondolewa katika ofisi na maabara, ambazo hukaa ghalani zikingoja mnada au kutu, wapewe wanafunzi baada ya diski zake kufutwa. Wapewe pamoja na chumba kimoja, swichi moja na ruhusa. Wataunga, wataunguza, wataunga tena. Watacheza, na haifai kuwaficha wakuu wa vyuo kuwa watacheza. Trubshaw na Bartle walicheza, na chuo chao hakikuporomoka. Kilipata jina katika historia ya kompyuta kwa kazi ambayo hakuna aliyeiagiza.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Seva ya kampuni ni msala upitao: wapendeza, una nakshi, na mwenyewe ataukunja siku asiyoitaja. Kompyuta ya vipuri iliyo pembeni mwa chumba, yenye feni inayolalamika na kifuniko kisichofungika, ni mbacha. Lakini mwenye nayo hualika wageni wake bila ya kuomba, na anapochoka, huwapa wenzake nakala ya programu na ya dunia waliyoijenga, nao huendelea.